Nimeshikiza kwa pini 84, bitana bado imekunjika. Kati ya bandi na pini, nani mkweli?

#1 MshonaUsiku
Wakuu habari. Nisaidieni kabla sijachukua mkasi nikafanya nitakachojutia.

Nimemaliza mfarishi wangu wa pili. Sentimita 150 kwa 200, uso wa viraka, pamba katikati, bitana ya rangi moja. Nilitandaza bitana sakafuni, pamba juu yake, uso juu kabisa, nikashikiza kwa pini za kufunga, zile za nepi. Pini 84. Najua idadi kwa sababu ndizo zote nilizo nazo. Kisha nikashona kwa cherehani mistari 24 ya kwenda chini. Juu ni safi, hata mama mkwe angekosa la kusema. Nikageuza. Bitana ina mikunjo mitano iliyoshonewa ndani, mmoja una urefu wa kidole cha kati, umelala chini ya mshono kama mjusi chini ya jiwe.

Kuna rafiki yangu anasema pini ni uvivu, na kwamba mfarishi usiopigwa bandi ya uzi, ile mishono mirefu ya muda inayotolewa baadaye, ni blanketi lililobahatika tu. Ni kweli? Nimekosea wapi? Nawasilisha.

#2 NgojaWaje
Siti ya mbele. Ngoja waje wenye sindano zao.

#3 Kastabini
Rafiki yako kasema kweli, ila kakosa adabu.

Pini inashika nukta, bandi inashika mstari. Kati ya pini na pini kitambaa kiko huru kutembea, na cherehani haimwonei mtu haya. Itakisukuma mpaka kikutane na mshono mwingine, na hapo hapo kinakunjwa. Bandi yenye hatua za sentimita 4 hivi, mistari ikiachana kwa upana wa kiganja, haiachi kitambaa pa kukimbilia.

Mimi sikati uzi mapema. Nauacha kwenye kidonge chake, natunga sindano ndefu, naanzia katikati ya mfarishi kwenda ukingo mmoja. Nikifika ukingoni narudi pale katikati, navuta uzi wa kutosha kufika ukingo wa pili, nakata, natunga ile ncha, nakwenda upande wa pili. Katikati hapana fundo hata moja, na siku ya kutoa bandi unavuta tu. Mkono wa kushoto nashika kijiko cha chai. Ncha ya sindano inapochomoza, ukingo wa kijiko unaipokea, sindano inapanda juu bila kuinua bitana. Bila kijiko, vidole vitakusimulia usiku kucha.

Kipimo chako ni jioni mbili. Ndiyo, magoti yatauma.

#4 PiniTupu
Napinga. Kosa si la pini, ni la idadi.

Tupige hesabu. 150 × 200 ni sentimita za mraba 30,000. Gawanya kwa pini 84: kila pini umeipa eneo la 357, yaani kama sentimita 19 kwa 19. Hapo hujashikiza, umepanda minazi. Inayotakiwa ni pini kila sentimita 10 au pungufu, kwa mfarishi wako kama pini 300. Kipimo rahisi: weka ngumi popote juu ya uso. Ngumi ikikosa kugusa pini hata moja, ongeza.

#5 MshonaUsiku
"Umepanda minazi" 😂😂 Nimecheka mpaka nimechomwa na hiyo hiyo pini. Asanteni. Sasa pini 300 mtu anazifunga saa ngapi?

#6 PiniTupu
Huzifungi moja moja. Chomeka zote zikiwa wazi, ukimaliza pita mara moja ukizifunga. Ukifunga kila moja papo hapo unavuta kitambaa kidogo, na kidogo mara 300 si kidogo tena. Kijiko cha Kastabini kinafaa hapa pia: egemeza ncha ya pini kwenye ukingo wake, sukuma, inafunga yenyewe. Kijiko hakina chama.

Na ukipata zile zilizopinda mgongo, chukua hizo. Zinashuka na kupanda bila kuinua matabaka. Siku ya kuzitoa usizifunge, zirudishe koponi zikiwa wazi. Kazi ya kuzifungua tena ni ya nini?

#7 MenoYaCherehani
Mmeshika mkia mkamwacha ng'ombe. Mleta uzi, ulishona kwa mguu gani wa cherehani? Ule wa kawaida, sivyo?

Mguu wa kawaida unakandamiza tu. Meno ya chini ndiyo yanayosukuma kitambaa, kwa hiyo tabaka la chini linakwenda na la juu linasuasua. Kuna mguu wenye meno yake pia juu, ule unaotembea pamoja na cherehani, matabaka yote matatu yanakwenda sawa. Bila huo, pigeni bandi, chomekeni pini, fungeni na kamba za meli, mikunjo mtaipata.

#8 PasiBaridi
MenoYaCherehani, soma tena ulichoandika. Kama meno yanapeleka tabaka la CHINI na la juu linasuasua, nguo inayozidi na kujikusanya mbele ya mguu ni ya juu. Mikunjo ya namna hiyo hutokea usoni, hasa pale mistari inapokatana. Mleta uzi kasema uso ni safi na bitana ndiyo yenye mikunjo. Maelezo yako ni ya ugonjwa mwingine.

#9 MenoYaCherehani
Nakubali nusu. Kwa nguo mbili bapa mezani uko sahihi. Mfarishi ni mzito: nusu yake inaning'inia nje ya meza na kuvuta. Ikivuta upande mmoja, bitana iliyo chini haitulii, hata meno yafanye nini. Nusu ya hoja yangu bado imesimama.

#10 PasiBaridi
Imesimama kwa mguu mmoja, huo huo wa cherehani.

#11 BibiViraka
Wajukuu, mnagombania kufuli na mlango hamkuufunga.

Mwanangu anasema alitandaza bitana sakafuni. Aliikaza? Bitana ikilegea kabla hujaweka pamba, hakuna pini wala bandi itakayoinyoosha. Utakuwa umeushikiza ule ulegevu wenyewe, tena kwa uaminifu.

Fanyeni hivi. Bitana ipigwe pasi. Itandazwe upande mzuri ukitazama sakafu. Shika ukingo wa juu kwa selotepu ya karatasi katikati, nenda ukingo wa chini ulio mkabala, vuta kidogo, shika. Kisha kushoto, kisha kulia, kisha pembe, mkabala kwa mkabala. Ukimaliza pitisha kiganja. Isitembee chini ya mkono, lakini ukiibonyeza kwa kidole isilie kama ngoma. Ikilia umevuta kupita kiasi.

Na bitana na pamba ziwe kubwa kuliko uso, sentimita 10 kila upande. Anayekata sawasawa na uso anatafuta kilio.

#12 MshonaUsiku
Shikamoo bibi. Mimi sikutumia selotepu kabisa. Nilinyoosha kwa mikono nikaona inatosha. Sentimita 10 sikuacha pia, niliacha kama 3.

#13 BibiViraka
Marahaba. Basi ndipo.

#14 NdegeMweusi
Bibi kasema ikilia kama ngoma ni mbaya, wengi wanaruka hapo. Mimi niliwahi kuivuta bitana kwa nguvu zote, nikadhani ndiyo ustadi. Nilipobandua selotepu, bitana ikarudi kwenye kipimo chake, uso ukabaki umejaa mawimbi kama paa la bati. Kwa hiyo bitana ikilegea inakunjika yenyewe, ikikazwa mno inaukunja uso. Kwa jinsi mleta uzi anavyoeleza, yake ililegea.

#15 SakafuNiYangu
Angalau nyinyi sakafu zenu ni tupu. Mimi nilitandaza juu ya zulia. Nikapiga bandi kwa saa tatu, hatua nzuri, mistari imenyooka, najisifu peke yangu. Nikainua mfarishi. Zulia likaja nalo.

#16 NgojaWaje
😂😂😂 Matabaka manne!

#17 SakafuNiYangu
Manne kamili. Cheka tu, siku yako inakuja.

#18 GundiHewani
Nashangaa kuona bado watu wanatambaa sakafuni. Gundi ya kupuliza ipo. Unatandaza pamba juu ya bitana, unakunja nusu ya pamba nyuma, unapuliza kidogo ukiwa umbali wa sentimita 25 au 30, unairudisha ukinyoosha kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Nusu ya pili hivyo hivyo. Kisha uso. Ukikosea unabandua na kubandika tena. Kwa mfarishi wa 150 kwa 200 mimi sizidi dakika arobaini. Ukiufua, gundi inaondoka.

#19 Kastabini
Na mapafu unayafua kwa sabuni gani?

#20 GundiHewani
Madirisha wazi, barakoa usoni, basi.

#21 PasiBaridi
Ongeza hili, na si mzaha: gesi ya mikebe hiyo inashika moto. Usipulize karibu na jiko, mshumaa wala pasi inayowaka. Tandika magazeti pembeni, la sivyo sakafu itakunata miguuni wiki nzima. Na usimwage. Gundi ikizidi, sindano inapata utandu, cherehani inaruka hatua. Nimewahi kufumua mstari mzima kwa sababu hiyo, nikimlaumu fundi aliyeitengeneza cherehani. Kosa lilikuwa langu.

#22 MkasiButu
Kwa wasiopenda mikebe kuna gundi nyeupe ya watoto wa shule, ile ya kutoka kwa maji. Matone membamba yenye mwanya, unapitisha pasi kavu ikauke, imeshika. Mimi huchukua ile ya maseremala, inashika vizuri zaidi.

#23 NdegeMweusi
MkasiButu hapana! Ya watoto wa shule sawa, kama mkebe wenyewe umeandikwa kuwa inatoka kwa maji. Ya mbao imetengenezwa ili isitoke. Mfarishi wako utakuwa na madoa magumu kama kucha maisha yake yote.

#24 MkasiButu
Ahaa. Ndiyo maana ule wa bluu unakwaruza.

#25 UziMwekundu
Nirudi kwenye bandi. Jina langu hapa lina historia. Mfarishi wangu wa kwanza niliupiga bandi kwa uzi mwekundu ili niuone vizuri wakati wa kuutoa. Uso ulikuwa mweupe. Nilipopiga pasi ya mvuke, rangi ikavuja kila tundu la sindano. Nikautoa uzi, vinukta vya waridi vikabaki vimejipanga kwa mstari kama sisimizi. Niliufua mara nne, bado ukiutazama dirishani unaviona.

Tumieni uzi mweupe au wa rangi iliyopauka. Hata usipovuja, uzi wa rangi kali unaacha vumbi la nyuzi ndani ya matundu.

#26 Mtandazaji
Hakuna aliyeigusa pamba? Pamba inayouzwa ikiwa imebanwa kwenye mfuko hutoka na mikunjo yake. Ukiitandaza siku hiyo hiyo, inaendelea kufunguka chini ya pini zako, na chochote kilicho juu na chini yake kinasogea nayo. Mimi huifungua, nainyunyizia maji kidogo sana, naiacha usiku kucha imetandazwa kitandani. Asubuhi iko bapa.

Na msipige pasi pamba ya poliesta. Nimefanya. Kipande kizima kilisinyaa kikawa kigumu kama karatasi ya sanduku, na pasi ikapata ngozi ya plastiki.

#27 SwaliDogo
Samahani, mimi mgeni. Mbona wengine mnasema mfarishi na huko kwingine nimeona "kwilti"? Ni vitu viwili?

#28 BibiViraka
Ni kitu kimoja, mwanangu. Mfarishi ndilo la kamusi, kwilti ni mgeni aliyekaa mpaka akapewa chumba. Sema utakalo, mikunjo haichagui jina.

#29 Kumbukumbu
Tukiwa hapo kwenye majina: watu wanadhani kazi hii ni ya juzi. Kuna mfarishi wa karne ya 14 uliochorwa kwa sindano hadithi ya Tristan, shujaa wa ngano za kale za Ulaya, upo hadi leo makumbusho ya Paris. Wale hawakuwa na cherehani wala pini za nepi.

#30 PasiBaridi
Upo London, Victoria and Albert Museum. Mwenzake upo Florence, jumba la Bargello. Ni kazi ya Sicily, takribani 1360 hadi 1400.

Na kwa mada yetu hausaidii sana. Ule ni kitani matabaka mawili, na pamba imejazwa kuinua zile picha. Pamba ya kujaza sehemu kwa sehemu si sawa na shuka zima la pamba lililotandazwa katikati na kutaka kuteleza.

#31 Kumbukumbu
Asante kwa sahihisho. Ila niachie hili moja: huo wa kitani nao lazima walishika yale matabaka mawili kwa namna fulani kabla ya kuanza picha.

#32 Kastabini
Kwa bandi, bila shaka 😌

#33 PiniTupu
Ulikuwepo?

#34 FremuKubwa
Mnasema kushikiza ni lazima kana kwamba ni sheria. Si lazima kila mahali. Mimi hushona kwa mkono kwenye fremu ya urefu wote wa mfarishi: bitana inafungwa kwenye mbao mbili, inakazwa, pamba juu, uso juu, unashona huku unaviringisha. Fremu yenyewe ndiyo inayoshika. Mashine zile kubwa zenye mikono mirefu nazo ni hivyo hivyo, matabaka yanapanda kwenye vibingirisho, wanashona ukingo wa juu na kuendelea. Bandi inahitajika kwa anayeshona kwa cherehani ya mezani, au kwa mkono akitumia fremu ndogo ya duara inayohamahama.

#35 SwaliDogo
Kwa hiyo mleta uzi anunue fremu?

#36 FremuKubwa
Mleta uzi ana chumba cha kuiweka?

#37 MshonaUsiku
Mleta uzi ana meza ya chakula, na saa mbili usiku inatakiwa irudi kuwa meza ya chakula.

#38 Mtandazaji
Meza inatosha kabisa, na magoti yanapona. Bandika kijiti cha kuchokolea meno katikati ya meza kwa selotepu, kingine katikati ya ukingo wa kila upande. Kunja bitana mara mbili upate kitovu chake, kiweke juu ya kijiti. Pamba vivyo hivyo, na uso. Hata ukishafunika unakipapasa kile kijiti kwa kidole, unajua katikati ni hapa. Pembeni bana kwa vibanio. Ukimaliza eneo la meza, sogeza, bana tena. Hapo kwenye kubana upya usifanye haraka: bitana inalegea pale pale eneo la kwanza linapokutana na la pili.

#39 AchaUlivyo
Mimi nina wazo ambalo wataalamu hawatalipenda. Mikunjo mitano, iko nyuma. Ufue. Pamba halisi husinyaa kidogo ikifuliwa mara ya kwanza, mfarishi mzima unapata vifinyo, na mikunjo yako inajificha kati ya ndugu zake. Nani analala akitazama bitana?

#40 MshonaUsiku
Mimi. Mimi nitaitazama. Nimeshaanza kufumua jana usiku, mistari 7 imetoka.

#41 UziMwekundu
Pole. Kata kila hatua ya tatu upande wa bitana, halafu vuta uzi wa juu, unatoka mzima. Usivute kabla ya kukata, utaachia kitambaa matundu.

#42 MshonaUsiku
Narudi baada ya wiki mbili, wakuu.

Nimefumua yote 24. Sikutaka kuchagua upande kwenye ugomvi wenu, nikaugawa mfarishi katikati kwa chaki. Nusu ya kushoto bandi ya uzi mweupe, namna ya Kastabini, kijiko na vyote. Nusu ya kulia pini zangu zote 84. Nimepiga hesabu ya PiniTupu mwenyewe: 15,000 kwa 84 ni kama sentimita 13 kwa 13, si kumi lakini si minazi tena. Bitana mpya, sentimita 10 kila upande, selotepu kama alivyosema bibi. Pamba nilikuwa nimeilaza usiku kucha. Mguu wa cherehani ni ule ule wa kawaida, sikuwa na mwingine.

Matokeo: nusu ya pini ni safi kabisa. Nusu ya bandi ina mkunjo mmoja, karibu na ukingo, sentimita 3.

#43 PiniTupu
Sina la kuongeza. Nakaa hapa kimya nikipepewa.

#44 Kastabini
Subiri kwanza. Hatua za bandi ulizipiga urefu gani?

#45 MshonaUsiku
Mwanzo 4 kama ulivyosema. Kuelekea ukingoni, usiku umekwenda... labda 7. Kuna mahali labda 8.

#46 Kastabini
Hiyo si bandi tena, hizo ni kamba za nguo. Kesi imefutwa.

#47 MenoYaCherehani
Haijafutwa. Mkunjo uko kushoto. Ukishona kwa cherehani ya mezani, mzigo wa mfarishi uko wapi? Kushoto, unaning'inia. Nilisema tangu #9. Weka kiti au kimeza kidogo kushoto kwako kibebe huo uzito, halafu tuone.

#48 BibiViraka
Selotepu ya ukingo wa kushoto ilishika mpaka mwisho, au ilibanduka njiani?

#49 MshonaUsiku
Bibi, kuna kipande kilibanduka, nikakirudisha. Sikumbuki kama kilikuwa kushoto.

#50 BibiViraka
Mhm.

#51 NdegeMweusi
Wote mnavuta kamba lakini hili jaribio haliamui kitu. Kasogeza pini karibu karibu, kabadilisha bitana, kaweka selotepu, kalaza pamba, kote kwa mara moja. Mikunjo imetoka mitano hadi mmoja, na hakuna anayejua ni kipi kati ya hivyo kilichofanya kazi. Labda vyote. Labda mikono yake tu imezoea.

#52 GundiHewani
Wiki mbili. Dakika arobaini. Nasema tu.

#53 PasiBaridi
Swali kwa mleta uzi: ulianza kushona mstari upi kwanza?

#54 MshonaUsiku
Wa kulia kabisa, nikawa nasogea kwenda kushoto. Kwani?

#55 PasiBaridi
Kwani?! Mstari wa kwanza unapita katikati, kisha unakwenda nusu moja hadi ukingoni, unageuza, nusu ya pili. Wewe ulegevu wote mdogo mdogo umeufagia kutoka kulia mpaka kushoto. Mkunjo wako umekaa pale ufagio uliposimama. Bandi wala pini hazihusiki hapo.

#56 PiniTupu
Zinahusika. Kungekuwa na pini za kutosha kushoto, huo ulegevu usingefika.

#57 Kastabini
Kungekuwa na bandi ya sentimita 4...

#58 NgojaWaje
Tumerudi #3. Nafurahi siti yangu bado ipo.

#59 MshonaUsiku
Jamani, acheni hilo kwanza. Nimeshamaliza kushona, nimeshonea utepe pembeni pande zote nne, nimeufunga. Sasa hivi narudisha pini kwenye kopo.

Zilikuwa 84. Nimehesabu mara tatu. Ziko 83.

#60 SakafuNiYangu
Nilikuambia siku yako inakuja... samahani, hilo lilikuwa la NgojaWaje. Mtandaze mezani, upapase polepole kwa kiganja. Asiukalie mtu.